Wawili mnaotaka mbio za makasia: anzieni ufukweni Matema

Mimi na kaka yangu tumekulia Matema, Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ambako akina mama wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mtumbwi. Kafi la mtumbwi, unalopiga ukitazama mbele, tulilizoea tangu utoto. Kasia lilitupa kazi upya: unakaa ukiupa kisogo uendako, na nguvu inatoka miguuni.

Basi anzeni na miguu. Sukuma kwa miguu, fungua mgongo, mwisho vuta mikono hadi chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono, mgongo, magoti. Sisi wiki tatu za mwanzo hatukutumia nguvu kabisa, tulisikiliza tu. Makasia yakiingia majini pamoja utasikia "chubwi" moja. Ukisikia mbili, chombo kimeshaanza kuyumba, punguzeni mwendo mpaka irudi moja.

Anayekaa karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, ndiye anayeshika mwendo. Wa omo, yaani mbele, anamfuata na kugeuza shingo kutazama njia. Kaka ananizidi nguvu, lakini tulimweka omo kwa sababu mwendo wangu haupandi wala kushuka. Haikuwa rahisi kwake kukubali, na ninamshukuru kwamba alikubali.

Mbio za maji matulivu ni mita 2000, na zinataka chombo chembamba sana. Helen Glover wa Uingereza alianza kupiga makasia 2008, na 2012 yeye na Heather Stanning wakachukua dhahabu ya Olimpiki. Miaka minne tu! Lakini kwa watu wa mchanga na mawimbi kama sisi, nashauri mbio za ufukweni, ambazo zitaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, zikiwemo za mwanamume na mwanamke pamoja. Unakimbia mchangani, mnapiga makasia mita 250 mkipinda kwenye maboya, mnageuka, mnarudi moja kwa moja, kisha mmoja anaruka na kukimbia hadi mwisho. Mapema ulizeni habari za chama cha taifa, maana klabu haijipeleki yenyewe mashindano ya dunia.

Fanyeni mazoezi alfajiri, mkiwa mmevaa jaketi za kuokolea. Upepo wa mwera ukichafua ziwa, msiende mbali na ufukwe.

Kona ndiyo inayokula muda. Fungeni dumu tupu la lita 20 kwenye jiwe, lielee. Mkilifikia, kasia za upande wa dumu zisukume maji kinyume, za upande wa pili zivute, wote wawili kwa pigo moja. Tulianza kwa mapigo tisa kumaliza kona. Sasa ni matano, na kaka anasema manne yanawezekana.