Foto inatoka giza ku karatasi? Anzia ku ekra kwanza

Kila juma kuko mutu ananiletea foto moja mara mbili, moja iko mu simu, ingine iko ku karatasi, anauliza juu ya nini ile ya karatasi imekuwa nyeusi sawa makala. Karibu kila mara ni mwangaza wa ekra njo umezidi. Mimi pia ilinipata: foto za ndoa, nimezitengeneza usiku, ekra inawaka 100%, nikaenda kuzitosha kwa labo moja ya Birere, hapa Goma, shangazi ya bibi arusi akazishika akasema, "mwanangu, ndoa ilikuwa mchana, wewe ulitupiga saa ngapi?" Nikatukana wale wa labo, kumbe kosa iko kwangu.

Washa ekra, ngoja kama nusu saa ipate moto. Zima ile hali ya usiku inafanyaka rangi kuwa manjano, zima na mwangaza wa kujibadilisha. Na wewe wa laptop, chunga umeme! Ukikatika tu, laptop inaingia ku batri, inapunguza mwangaza yenyewe, wewe haujui, unaona foto iko giza, unaiongezea mwanga, kesho inatoka nyeupe sawa imemwagiwa unga. Hapa Goma ile inaharibu kazi ya watu wengi, mimi siku hizi umeme ukienda napanga mafaili tu, rangi siigusi.

Sasa chukua karatasi ileile utatoshea foto, fungua ukurasa mweupe mtupu ku ekra, simama karibu na dirisha lakini jua isipige ekra, weka karatasi pembeni. Punguza mwangaza polepole mpaka nyeupe mbili zikaribiane. Ekra itaonekana imelala, usiirudishe, siku mbili tatu macho itazoea.

Kama uko na kifaa cha kupima rangi ya ekra, sawa Spyder ao Calibrite, weka mwangaza kati ya 80 na 120 cd/m² (njo kipimo cha mwangaza), nyeupe 6500 K, gama 2.2 (gama njo inapanga namna rangi za katikati zinakuwa giza ao mwanga). DisplayCAL, programu ya kurekebisha ekra, ni ya bure lakini bila kifaa haipimi kitu. Kama hauna, mu Windows andika dccw pale pa kutafuta, itakuongoza kurekebisha gama na kijivu kwa macho. Mimi kijivu nakiangaliaka ku foto ya ukuta wa mawe ya volkano, ile jiwe tunaikanyaga kila siku, rangi yake tunaijua, ukiona inavuta ku pinki ao kijani basi ekra inadanganya.

Halafu tosha moja ndogo, sentimita 10 kwa 15, mbele ya zote. Sura za watu zimekuwa pinki? Mara nyingi Photoshop na mashini ya kutosha foto zote mbili zinasimamia rangi, acha moja tu ifanye. Labo imetosha rangi zimechoka, kikwembe chekundu kimepauka? Faili ilikuwa Adobe RGB, aina ya rangi pana, igeuze sRGB, ile ya kawaida, mbele ya kupeleka. Mistari mistari ni wino umeziba, safisha kichwa cha mashini.

Na kama foto iko sawa kwa dirisha lakini usiku chini ya balbu inakuwa buluu, usirudie kazi. Ni balbu.