Chupa ya maji moto kwenye tenti

Mnaoenda kupiga kempu wikendi za Septemba kule Minnesota, Marekani, kando ya Ziwa Superior, mchana unavaa tisheti ila usiku baridi inashuka vibaya sana. Kabla ya kulala chemsha maji, jaza chupa ngumu, kaza kifuniko, ivalishe soksi nzito isikuunguze halafu iweke ndani ya begi la kulalia katikati ya mapaja, maana hapo mishipa mikubwa ya damu inapita karibu na ngozi na joto linasambaa mwilini. Thamosi haifai, inazuia joto lisitoke. Zile chupa laini za maji ya dukani ndo usijaribu kabisa, zinanywea zinavuja, na begi likilowa usiku umeharibika. Na bila godoro chini, ardhi inanyonya joto lote.