Kuanzisha kitalu kidogo cha miche ya asili kwa ajili ya nyuki, vipepeo na ndege chozi

Vitalu vingi vilivyo kando ya barabara za Uganda huuza mikaratusi, misonobari na migrevilea, kwa kuwa miti hiyo hukua haraka na wateja wameizoea. Anayetaka kitalu chake kiwalishe nyuki, vipepeo na ndege chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza asali ya maua, hana budi kuanza na mimea iliyokuwapo hapa kabla ya hiyo ya kigeni, na aipange kwa kufuata kalenda ya maua. Kundi la nyuki lililoshiba wakati mmoja wa mwaka laweza kuhama mzinga miezi michache baadaye kwa kukosa chakula, kwa hiyo mteja anayeondoka na miche ya aina moja tu amepata nusu ya msaada aliokuja kuutafuta.

Kabla ya kununua hata kiriba kimoja, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, chukua daftari uzunguke kijijini mwako, ukiandika ni mti gani unachanua mwezi gani na ni viumbe gani wanaoujia. Katika maeneo ya kati utakutana na miti ambayo hapa naitaja kwa majina ya Kiganda: musambya (Markhamia lutea) wenye maua ya manjano, mukebu (Cordia africana) wenye vishada vyeupe ambao wafugaji wa nyuki wanauthamini sana, pamoja na mugavu (Albizia coriaria). Ejjirikiti (Erythrina abyssinica) hutoa maua mekundu wakati wa kiangazi ukiwa umepukutisha majani, na hulisha chozi hasa. Usiisahau mimea mifupi: mululuza (Vernonia amygdalina), ambao wengi wanaufahamu kwa uchungu wa majani yake, hupendwa na nyuki unapochanua, na mujaaja, aina ya mrihani wa kienyeji, huanza kutoa maua mapema kuliko mti wowote kitaluni. Kaskazini, mkwaju na mshea ndiyo ya kutangulizwa. Lantana huvutia vipepeo kweli, lakini asili yake ni Amerika na imevamia malisho na kingo za misitu; mimi naona isioteshwe kitaluni hata mteja akiiomba kwa jina.

Kazi ya mbegu ndiyo inayostahili muda wako mwingi kuliko zote. Wataalamu hupendekeza mbegu za aina moja zikusanywe kwenye miti mama isiyopungua 30, iliyoachana angalau meta 50, kwa sababu miti iliyo karibu mara nyingi huwa ya ukoo mmoja na miche yake hudhoofika vizazi vinavyofuata. Kitalu kidogo hakitafikia idadi hiyo mwaka wa kwanza, lakini kuchuma kwenye mti mmoja ulio uani kwa sababu tu unafikika kwa urahisi ni kosa ambalo mteja ataligundua baada ya miaka mingi. Changanya mbegu za miti mingi kadiri uwezavyo, na kwa aina usizozipata jirani, uliza katika Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti kilichopo Namanve, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu.

Kila mbegu ina tabia yake. Maganda ya musambya huning'inia membamba na marefu mithili ya nyoka, na hayana budi kuchumwa yanapogeuka rangi ya kahawia kabla hayajapasuka, maana ndani yake mna mbegu bapa zenye mabawa angavu ambazo upepo kidogo tu huzipeperusha zote. Zianike kivulini na uzisie mapema, bila kuziloweka. Mbegu za mugavu, ejjirikiti na mkwaju zina ganda gumu: kwangua upande mmoja kwa jiwe au kikatia kucha, mbali na kijicho cha mbegu, mahali inapochipukia, kisha ziloweke usiku kucha, na zile zilizovimba asubuhi ndizo zilizo tayari. Tunda la mukebu lina utomvu unaonata ambao lazima uoshwe, na mbegu yake hukawia kuota, kwa hiyo usilivunje tuta kwa kukata tamaa mapema. Musizi, mti mrefu wa msituni (Maesopsis eminii), hukawia zaidi, pengine kwa miezi. Ntaseesa, yaani Prunus africana, ni kinyume: mbegu zake hupoteza uhai haraka, na mtu akikuuzia zilizokaa ghalani muda mrefu, usinunue.

Eneo liwe karibu na maji, lisiwe ndani ya kinamasi, na lipate jua la asubuhi. Mchanganyiko unaofaa kwa viriba ni debe tatu za udongo wa juu, debe moja ya samadi iliyooza vizuri na debe moja ya mchanga. Kichanja cha mafunjo au majani ya migomba kinatosha kwa kivuli. Mwagilia asubuhi na jioni, lakini kwa kiasi, kwa sababu tuta lililolowa mno huozesha miche michanga shingoni, pale shina linapokutana na udongo.

Mche ukiwa na majani mawili ya kweli, yaani yale yanayofuata majani ya kwanza ya mbegu, uhamishe kutoka kwenye tuta kwenda kwenye kiriba. Ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina, kwa kuwa jani litachipuka jingine ilhali shina lililobinywa halitapona. Toboa shimo kwa kijiti lenye kina kuliko mzizi, ingiza mche, uvute juu kidogo ili mzizi unyooke, ndipo ubane udongo kwa vidole viwili. Mzizi uliojikunja siku hiyo utabaki umejikunja maisha yote ya mti.

Miche inayokusudiwa kulisha nyuki isinyunyiziwe sumu ya wadudu, kwani baadhi ya dawa hupenya ndani ya mmea na kutokea katika chavua na asali ya maua. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni, na viwavi huokotwa kwa mkono. Majani machache yaliyotobolewa hayaui mche. Acha pia kipande cha ardhi tupu pembezoni, kwa sababu nyuki wengi wa porini hutaga ardhini. Waeleze hayo wakulima wa kahawa hasa, kwa maana mbuni wa robusta hauwezi kujichavusha wenyewe, na nyuki wakiongezeka shambani mavuno yao hunufaika.

Miche mingi huhitaji miezi 4 hadi 6 kufikia urefu wa sentimita 30, na ntaseesa zaidi ya hapo. Kwa mvua za Machi, sia Septemba au Oktoba. Kwa mvua za Septemba, sia Machi au Aprili. Kaskazini, ambako mvua huanza Aprili, mbegu ziwe tutani kufikia Novemba. Mwezi mmoja kabla ya kuuza, punguza kivuli na maji hatua kwa hatua, na uinue viriba kila baada ya wiki mbili ili ukate mizizi iliyopenya chini. Miche itakayobaki msimu ukiisha usiiuze msimu unaofuata ikiwa mizizi imezunguka ndani ya kiriba. Ikate mizizi hiyo, uipande kwenye mpaka wa kitalu chako, na baadaye itakuwa miti mama yako mwenyewe.