Jinsi Kijana Anavyoweza Kushusha Asidi ya Yuriki: Anza na Glasi Kabla ya Sahani

Kijana anapotoka maabara na karatasi inayoonyesha kwamba asidi ya yuriki imepanda, ushauri wa kwanza anaopewa nyumbani huwa ni kuacha nyama nyekundu na maharage. Kuhusu nyama ushauri huo una ukweli, kuhusu maharage hauna, na katika hali zote mbili unasahau mambo yanayomgusa zaidi mtu wa umri wake, yaani soda, bia, kushinda bila kunywa maji, na kitambi.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma karatasi yenyewe vizuri. Maabara nyingine huandika majibu kwa miligramu katika desilita moja ya damu na nyingine kwa mikromoli katika lita, na kwa hesabu ya haraka miligramu 1 ni sawa na mikromoli 60 hivi. Kwa kawaida kiwango huhesabiwa kuwa cha juu kikivuka miligramu 7 kwa mwanamume au 6 kwa mwanamke. Mwanamke ambaye hajakoma hedhi husaidiwa na homoni ya estrojeni kuitoa asidi hiyo kwa mkojo, kwa hiyo msichana mwenye kiwango cha juu anastahili kuchunguzwa zaidi, hasa figo zake. Ikiwa kipimo kilichukuliwa wakati kidole gumba cha mguu kimevimba na kuuma, majibu yanaweza kuonekana ya kawaida ingawa ugonjwa upo, hivyo kirudiwe wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Vilevile kiwango cha juu peke yake si jongo, yaani ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ambao wengi huuita gauti; watu wengi wenye kiwango hicho hawapati jongo kamwe, na kwa kawaida asiye na dalili haanzishiwi dawa.

Asidi ya yuriki ni taka inayobaki mwili unapovunja purini, ambazo zimo ndani ya seli za kila kiumbe. Takriban theluthi mbili ya purini hizo hutokana na mwili wenyewe na theluthi moja tu hutokana na chakula, na figo ndizo zinazoondoa sehemu kubwa ya taka hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kujinyima nyama mwezi mzima na kipimo kikasogea kidogo tu, kwa kuwa hakugusa kinachozizuia figo kufanya kazi yake wala kinachouchochea mwili kuzalisha zaidi.

Anza basi na soda. Sukari ya kawaida nusu yake ni fruktosi, yaani sukari ya matunda, na ini linapoishughulikia fruktosi kwa wingi hutumia akiba yake ya nishati haraka kiasi kwamba mabaki yake huishia kuwa asidi ya yuriki. Soda haina purini hata kidogo, lakini inapandisha kiwango, na chupa moja ya mililita 350 mara nyingi hubeba zaidi ya gramu 30 za sukari. Juisi za pakiti na vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye sukari vimo katika kundi hilo hilo, na chai ya vijiko vinne inayonywewa mara tatu kwa siku haiko mbali nalo. Matunda mazima hayana haja ya kuogopwa, kwa sababu mtu hali machungwa sita kwa mkupuo, ingawa huyanywa yakikamuliwa.

Bia hudhuru kwa njia mbili, kwani hamira yake ina purini na kileo chenyewe huzibana figo zisitoe asidi. Kinachoongeza tatizo ni desturi ya kuzimua: mtu aliyekesha baa anaamkia supu ya utumbo au ya maini, na wakati huo mwili umekauka maji. Purini huyeyuka katika maji, kwa hiyo nyama inapochemshwa kwa muda mrefu sehemu kubwa huhamia kwenye mchuzi. Anayeacha minofu na kumaliza bakuli la supu amechagua upande mbaya. Kwa kijana wa namna hii, kuvunja mfululizo huo wa bia na supu kuna faida kuliko orodha ndefu ya miiko.

Katika chakula, vya kupunguza kwanza ni maini, figo, moyo na utumbo, kisha nyama choma ya sahani nzima. Dagaa wana purini nyingi, na wakikaushwa huzidi kwa kila gramu, lakini ni protini ya bei nafuu ambayo familia nyingi haziwezi kuiacha. Wachemshe, mwaga maji, kisha uwaunge na ule kiasi kidogo. Maharage, choroko, mchicha na uyoga havijaonekana kuongeza hatari ya jongo, ingawa vina purini. Maziwa na mtindi husaidia figo kuitoa asidi, na kahawa isiyo na sukari huendana na viwango vya chini.

Kwa dereva wa bodaboda au fundi anayeshinda juani Dar es Salaam au Mombasa, maji ni muhimu kuliko yote yaliyotangulia. Mkojo mzito wa njano iliyokolea una asidi iliyojikusanya, na hapo ndipo mawe ya figo huanzia. Kunywa hadi mkojo uwe wa rangi hafifu. Mwenye kitambi apunguze uzito polepole, kwa sababu kitambi huendana na kuzidi kwa insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, nayo huzizuia figo kutoa asidi, lakini asijinyime chakula kwa siku nyingi mfululizo, kwani njaa kali nayo hupandisha asidi kwa muda.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Pirazinamidi ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kuongeza mkojo hupandisha kiwango, lakini usiache dozi kwa uamuzi wako. Usijinunulie dukani alopurino, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, kwa kuwa huweza kuleta mzio mkali wa ngozi, wala usizoee diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo huumiza figo zile zile unazozitegemea. Kiungo kikivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni usaha katika kiungo. Vinginevyo, shika mabadiliko haya kwa miezi mitatu hivi, kisha rudia kipimo katika maabara ile ile ukipima na kazi ya figo. Kikibaki juu licha ya juhudi zako, uliza kama ndugu zako wa damu wana jongo, kwa kuwa urithi una nguvu kubwa katika jambo hili.