Vidole vinakufa ganzi usiku? Jinsi ya kutibu neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono

Wengi ninaowahudumia kwa tatizo hili huja wakiwa wameshameza dawa za maumivu kwa miezi na kuchuliwa mkono mzima, na bado wanaamka usiku wakikung'uta kiganja. Dawa hizo hazifiki kwenye chanzo. Kwenye kifundo kuna njia nyembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu ni ukano mpana, mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva ya midiani. Nafasi ikipungua kidogo tu, neva ndiyo inayoumia.

Hatua ya 1: Angalia ni vidole vipi

Neva hii hupeleka hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho hakimo. Kama ganzi yako iko kwenye hicho tu, tatizo liko kwenye neva nyingine, na mwongozo huu si wako. Kisha kutanisha migongo ya viganja mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, ukae hivyo sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile, hiyo ni dalili nzuri ya kuelekeza, ingawa haitoshi peke yake.

Hatua ya 2: Pima sukari na tezi ya thairoidi

Kisukari, thairoidi iliyolegea, baridi yabisi na ujauzito vyote huchangia. Kwa mjamzito, mara nyingi hali hutulia baada ya kujifungua.

Hatua ya 3: Vaa banzi usiku, kifundo kikiwa kimenyooka

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibikia. Tukilala tunakunja vifundo bila kujua, na shinikizo ndani ya ile njia hupanda. Banzi, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kifundo, lina kazi moja: kuzuia mkunjo huo. Lakini mabanzi mengi ya dukani huja na kibati kilichopindwa kuinua kiganja kwa nyuma, na mkunjo wa nyuma nao unabana neva.

Dada mmoja, fundi cherehani, alinijia akisema banzi halimsaidii. Tulichomoa kibati kwenye mfuko wa banzi lake, tukakikandamiza kwenye ukingo wa meza hadi kikanyooka, tukakirudisha. Fanya hivyohivyo, kisha jitazame ubavuni: mgongo wa kiganja na mkono wa mbele viwe karibu mstari mmoja.

Mambo mengine ya kuangalia:
- Banzi liishie kabla ya mstari wa kiganja ambapo vidole huanzia kukunjika. Likipita hapo, vidole vinakakamaa.
- Mikanda isikaze. Ukiamka na alama nyekundu zilizozama, legeza.
- Bendeji laini ya kuvuta haitoshi. Inapasha joto, haizuii mkunjo. Siipendekezi kabisa kwa tatizo hili.
- Vaa kila usiku kwa wiki 6 mfululizo kabla ya kusema limeshindwa. Usiku mbili tatu hazikupi jibu.

Mchana livue, isipokuwa kwenye kazi inayokulazimisha kukunja kifundo muda mrefu. Mkono unahitaji kutembea.

Hatua ya 4: Punguza kubana

Shika vyombo vyenye mpini mnene, pumzika mara kwa mara, na epuka mashine zinazotetemesha mkono.

Hatua ya 5: Sindano au upasuaji

Wiki 6 zikipita bila nafuu, muone daktari. Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) hutuliza kwa wiki hadi miezi, ingawa dalili zinaweza kurudi. Upasuaji hukata ule ukano mpana ili neva ipate nafasi. Kwa kawaida huhitaji dawa ya ganzi ya sehemu hiyo tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Usisubiri wiki 6 kama ganzi haiondoki mchana wala usiku, vitu vinakuponyoka, au nyama iliyo chini ya kidole gumba imeanza kusinyaa. Linganisha viganja viwili mwangani: upande mmoja ukiwa bapa kuliko mwingine, nenda hospitali wiki hii, kwa sababu misuli ikishakonda sana, hata upasuaji unaweza usiirudishe.