Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzuru Bustani ya Yuyuan, Shanghai

Mgeni afahamu kwanza kwamba majengo yenye mapaa yaliyopinda ncha na taa nyekundu anayoyakuta mara tu anapofika si bustani, bali ni soko linaloizunguka. Hata lile daraja la kona tisa na nyumba ya chai iliyo katikati ya bwawa viko nje ya lango la tiketi, na wapo wanaopiga picha hapo, wakala maandazi ya mvuke, kisha wakaondoka wakiamini wameiona Yuyuan. Bustani yenyewe imefichwa nyuma ya ukuta. Aliyeijenga ni Pan Yunduan, afisa wa enzi ya Ming, ambaye alianza kazi mwaka 1559 ili baba yake apate mahali pa kutulia uzeeni.

Ukubwa wake ni takriban hekta 2 tu, na udogo huo ndio unaopasa kuamua ratiba ya siku nzima. Vijia ni vyembamba, na kikundi kimoja cha watalii kikisimama mlangoni, wa nyuma wote husubiri. Kwa hiyo ni busara kuingia asubuhi lango linapofunguliwa, soko likabaki kuwa la mchana. Kwa kawaida Jumatatu bustani hufungwa. Wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba, ambayo ni likizo ya taifa, ningeiepuka kabisa.

Malipo yaandaliwe kabla ya kupanda ndege. Wachina wengi hulipa kwa simu, hivyo programu ya Alipay au WeChat iunganishwe na kadi ya benki mapema, kwa kuwa uthibitisho huweza kuhitaji ujumbe unaotumwa kwenye namba ya nyumbani, ambayo huenda isishike mtandao ukiwa ugenini. Pasipoti isiachwe hotelini. Treni za chini ya ardhi za laini ya 10 na ya 14 zina kituo chenye jina la bustani.

Viatu viwe vya soli isiyoteleza, hasa mwezi Juni, msimu wa mvua, kwani mawe hulowa na vizingiti vya milango ni virefu. Anayetumia kiti cha magurudumu atapata taabu.

Yafaa pia kujua mapema unachokwenda kutazama. Liko jiwe la kijivu lenye kimo cha zaidi ya mita 3, lililojaa matundu kama sega la nyuki, ambalo husimuliwa kuwa ukifukiza ubani chini yake, moshi hutokea katika kila tundu. Ukuta mmoja umejengwa mgongo wake ukipinda kama mawimbi na vigae vyake vikiwa magamba, hadi unapoishia kwenye kichwa cha joka lililoachama. Chini ya kidevu chake amekaa chura mdogo, akisubiri kudaka mate yanayodondoka, na wengi humpita bila kumwona.