Simba kivulini, usiiachie kamera iamue mwanga

Jamani mnaotoka Dodoma kwenda Ruaha kiangazi hiki, simba akiwa amelala chini ya mbuyu na nyuma yake nyasi kavu zinawaka jua, kamera inafuata mwanga wa zile nyasi, simba anatoka mweusi tii hata macho huyaoni. Mimi hapo nabonyeza kile kitufe cha +/- (cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) naongeza hadi +1. Ila akitoka kivulini akaingia juani shusha haraka, -0.7 hivi, maana nywele nyeupe za kidevuni na chini ya macho zikishaungua (zikawa nyeupe tupu bila alama yoyote) hakuna programu ya kuzirudisha (chui milia wa India ndo hatari zaidi, mashavu meupe kabisa). Na piga RAW aisee, yaani faili ghafi ya kamera badala ya JPEG, kivulini utavuta mwanga baadaye kwenye kompyuta.